Maonyesho ya Stempu kwa Vijana wa Nai: Si Mchezo wa Wazee, Lakini Ukiseti Vibaya Yatadedi Siku ya Kwanza

Kama ulisoma shule yoyote ya Kenya, unajua kuandika barua. Anwani juu upande wa kulia, S.L.P. hii na hii, tarehe, salamu, mwili, hitimisho, unapeana kwa mwalimu anakupa alama. Sasa jiulize: ulishawahi kutuma hata moja? Wengi wetu tumeandika barua za insha kuanzia shule ya msingi hadi sekondari na hakuna hata moja iliwahi kubandikwa stempu. Mtoi wa Grade 6 wa leo yuko mbali zaidi. Ukimwambia "stamp" anafikiria ule muhuri wa chifu.

Kwa hivyo ukisema unataka kuandaa maonyesho ya stempu ya vijana, Kenya hii ya TikTok na M-Pesa, watu watakuangalia vile wanaangalia msee amevaa suti kwa mjengo. Lakini tulia. Hii story iko na uzito kuliko unavyodhani, na muda wa kuifanya hautukai hapa tukingoja.

Cheki Denmark. Mwisho wa 2025, PostNord, shirika la posta la huko, liliacha kupeleka barua kabisa, baada ya miaka 401 ya huduma hiyo. Mwaka 2000 Denmark ilikuwa inatuma barua karibu bilioni 1.4. Kufikia 2024 zilikuwa zimeshuka hadi milioni 110. Masanduku mekundu 1,500 yaking'olewa barabarani. Barua zilizobaki zimeachiwa kampuni nyingine. Na hapa ndio kuna utamu: masanduku hayo yalipowekwa sokoni, watu waliyagombania yakaisha ndani ya saa chache. Watu walewale ambao hawakuwa wanatuma barua. Kitu kikishaenda ndio binadamu hukumbuka alikuwa anakipenda.

Sisi hatujafika hapo, lakini usijidanganye. Posta yetu, ile ilizaliwa 1999 wakati KPTC ilipasuliwa ikawa Telkom, Posta na tume ya mawasiliano, imekuwa kwa habari miaka hii kwa sababu ya madeni na mishahara kuchelewa. Parseli za Nakuru zinaenda na matatu za sacco. Doo inaenda na simu. Bili ya stima inaingia kwa SMS. Ukiingia jengo la GPO, wengi kwenye foleni wamefuata Huduma Centre. Stempu imebaki kitu cha mwanasheria, cha shirika la serikali na cha yule mzee mmoja mtaani kwenu mwenye albamu tatu chini ya kitanda.

Huyo mzee ndiye sababu ya hii makala. Kama ako na miaka 78, na wajukuu wake hawajui albamu ni ya nini, unajua kinachofuata. Siku ya kugawa vitu vya marehemu, watu watapigania shamba, ng'ombe na gari. Albamu itaenda na magazeti ya kuwasha jiko. Au itanunuliwa na mtu anayejua kilicho ndani, kwa bei ya mtu asiyejua.

Ndani ya hizo albamu kuna nini?

Kuna historia ambayo hukufunzwa hivyo darasani. Chukua mfano mmoja tu, Zanzibar. Desemba 1963 visiwa vilipata uhuru na stempu za kusherehekea zikachapishwa. Mwezi mmoja baadaye, Januari 12, 1964, mapinduzi. Sultani amehepa. Sasa utafanya nini na mastempu yamejaa posta yakiwa na sura ya mtu mmemfukuza? Hakuna muda wa kuchapisha mpya. Wakachukua zilezile stempu wakazigonga neno moja juu: JAMHURI 1964. Za kwanza ziligongwa kwa mkono, kwa hivyo zingine zimekaa upande, zingine zimefifia. Ukiishika moja, unashika serikali ikibadilika katikati ya wiki, na karani wa posta akijaribu kwenda na speed ya hayo mambo.

Ama cheki hizi zetu. Kuanzia 1935, Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa zinatumia stempu moja. Tulipopata uhuru kila nchi ikatoa zake za matumizi ya kila siku, lakini za matukio makubwa ziliendelea kuwa za pamoja hadi miaka ya sabini. Na majina yakipangwa, moja haikukaa mbele kila wakati. Stempu moja inaanza Kenya, nyingine inaanza Uganda, nyingine Tanzania. Yaani kulikuwa na mtu ofisini kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna nchi inalia imewekwa mwisho. Halafu 1977 Jumuiya ikavunjika, na hata kwenye karatasi ndogo ya kulamba unaona ndoa imeisha. Mwanafunzi anayekariri "sababu tano za kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki" anaweza kuiona kwa macho ndani ya dakika mbili.

Kuna zingine za raha tu. 1971 Kenya ilitoa seti ya makombe ya baharini, moja ya seti tamu zaidi tumewahi kuwa nazo. Baadaye ikagundulika majina mawili ya kisayansi hayakuwa sawa. Ya senti 70 ilikuwa imeandikwa "Nautilus pompileus" badala ya "pompilius", na ya senti 50 jina likabadilishwa kutoka "Janthina globosa" kuwa "Janthina janthina". Zikachapishwa upya 1974. Kwa hivyo kuna mbili za kila moja, na tofauti ni herufi chache. Mpe mtoi wa miaka kumi kioo cha kukuza na rundo la makombe, umwambie atafute yenye kosa. Hutamsikia saa nzima. Hiyo peke yake ni bei ya kiingilio.

Tusidanganyane kuhusu doo

Hapa ndipo maonyesho ya vijana huharibikia, kwa hivyo wacha tuongee polepole.

Ukiweka bango "Stempu Zinaweza Kukuomosha", watu watajaa. Na wote watatoka na hasira. Vijana wa hii nchi wameshauziwa ndoto za forex, za kilimo cha sungura na kware, na za Aviator. Usiwaongezee ingine.

Ukweli ni kwamba uzee si adimu. Penny Black, stempu ya kwanza duniani, ilitolewa Uingereza Mei 1840. Ungedhani iko na bei ya nyumba ya Kilimani. Hapana. Zilichapishwa zaidi ya milioni 68, na nyingi bado zipo. Ni bei, ndio, lakini si ya kuuza shamba. Vilevile hizo za King George ambazo shosho anazo kwa kopo la biskuti, za 1938 kwenda mbele, nyingi ni za ashu ashu tu, kwa sababu kila mtu alizitumia na kila mtu akaziweka.

Lakini kuna story moja ambayo lazima vijana waisikie, na ni ya kweli. 1873, huko British Guiana, ambayo leo ni Guyana, kijana wa miaka 12 jina lake Vernon Vaughan alipata stempu chafu ya rangi ya zambarau-nyekundu kwa makaratasi ya uncle yake. Ilikuwa ya senti moja, ya 1856. Hakuipenda. Akaiuza shilingi sita akanunue zingine zenye zinapendeza. Ikaja kujulikana ni moja tu duniani. 2014 iliuzwa New York kwa karibu dola milioni 9.5, na 2021 ikauzwa tena kwa dola milioni 8.3. Ona hata bei ya stempu maarufu kuliko zote ilivyoshuka ndani ya miaka saba. Hilo ni somo zuri kuliko hata ile shilingi sita.

Kwetu pia kuna za kutetemesha. Kenya na Uganda, miaka ya ishirini, zilikuwa na stempu ya pauni 100. Nani alikuwa anatuma barua ya pauni 100? Hakuna. Zilikuwa za ushuru wa hati za ardhi na mambo kama hayo. Na kwa sababu bei ya iliyopigwa muhuri wa posta iko juu kuliko ya iliyotumika kwa ushuru, wakora walianza zamani kusafisha wino wa kalamu na kugonga muhuri feki wa posta. Utapeli haukuanza na WhatsApp.

Na kuna utapeli mwingine ambao utaingia kwa maonyesho yako usipokaa rada. Kuna makaratasi yanayochapishwa na watu wa kando, yameandikwa jina la nchi ya Afrika, yamewekwa sura ya mwigizaji wa Hollywood au treni ya Japani, na nchi yenyewe haijawahi kuyaona. Umoja wa Posta Duniani ulianzisha rejesta ya stempu halali mwaka 2002 kupambana na hii maneno. Usichanganye hizo na zile halali ambazo nchi zetu zenyewe zilikubali kutoa kuuzia wakusanyaji wa ng'ambo. Uganda ilikuwa na katuni za Disney, Tanzania ilikuwa na dinosaria. Hizo ni za kweli, hata kama hakuna mtu Mwanza aliyewahi kuzilamba. Kenya kwa hayo mambo ilijikaza kidogo, ikabaki na madini, maua, vipepeo na ndege wake.

Sasa, unaseti aje?

Huku Uingereza na Marekani maonyesho ya stempu yanalipiwa na wafanyabiashara. Kila mmoja analipia meza, anakuja na maboksi, mashabiki wanakuja na pesa, mwandalizi analipa ukumbi na anabaki na kitu. Watoto wanawekewa kona yao pale nyuma, wanapewa stempu za bure, wanapigwa picha. Ukijaribu kubeba hiyo mfumo ulete Nai, utaanguka. Hatuna wafanyabiashara wa kujaza ukumbi. Na hata tungekuwa nao, mtoto wa Kayole mwenye finje mfukoni hawezi kuwa mteja wao.

Kwa hivyo geuza meza. Ile kona ya watoto ndiyo iwe maonyesho yenyewe, na wazee na wauzaji ndio wakae pembeni.

Piga hesabu. Tuseme unataka vijana 200, na kila mmoja aanze na stempu 50. Hiyo ni stempu 10,000. Inasikika nyingi, lakini stempu zilizotumika huuzwa kwa uzito, kwa kilo, zikiwa bado kwa vipande vya bahasha. Na kabla ya kununua, omba. Ofisi za mawakili, makanisa, misheni, balozi, mashirika yanayopokea barua za ng'ambo: hao wote wanatupa bahasha kila wiki. Weka kikapu kwa reception miezi minne kabla. Ubishi wangu na wengi wanaopanga hizi vitu ni huu: wanaanza kutafuta mdhamini wa tisheti kabla hawajatafuta stempu.

Siku yenyewe, meza ya kwanza iwe ya maji. Ndio, maji. Beseni la maji ya uvuguvugu, unatumbukiza kipande cha bahasha, unangoja dakika kama kumi na tano, stempu inaachana na karatasi yenyewe. Unaiinua na kibano, unaianika kwa gazeti uso ukiangalia chini, halafu unaiweka katikati ya kitabu kizito. Ni kazi ya mikono, ina suspensi, na haihitaji data. Waambie tu kwamba nyingi za kisasa za Ulaya na Marekani ni kama stika, hazitoki kwa maji, hizo unakata na makasi ukiacha ukingo wa karatasi. Na rangi zingine hutoka, kwa hivyo usitumbukize bahasha nyekundu na nyeupe pamoja ka ni nguo za shule.

Meza ya pili iwe ya kubadilishana, na hapa unahitaji sheria kali. Mtoto na mtoto, sawa. Mtoto na mtu mzima, hapana, isipokuwa mzazi au msimamizi ako hapo na stempu ziko mezani wazi. Usiruhusu mtu mzima ambaye hana mtoto wala kazi hapo azunguke na albamu akiwaita watoto kando. Hii si kuharibia watu raha. Popote penye watoto na vitu vya thamani lazima uwe na macho mawili ya ziada, na orodha ya nani ameingia. Wauzaji nao wawe na boksi la bei moja, kila kitu mbao, kila mtoto aweze kununua bila kuuliza na bila kuaibika.

Halafu shindano. Duniani fremu moja ya maonyesho hubeba kurasa 16 za A4. Kwa mwanzo hiyo ni nyingi. Mpe kila mtoto au kila mbogi ya watoto ukurasa mmoja tu, stempu sita hadi kumi, na maneno yao wenyewe. Usilazimishe "Historia ya Posta". Acha achague: mpira, ndege, reli, samaki, marais waliopinduliwa, chochote. Alama nyingi ziende kwa maelezo, si kwa bei ya stempu. Ukihesabu thamani, mtoto wa Lavington atashinda kila mwaka na wa Umoja hatarudi. Na maelezo yakubaliwe kwa Kiswahili na kwa Sheng, manze, si lazima kila kitu kizungu.

Mahali? Hapa niko na maoni yangu na siyafichi. Hoteli, hapana. Nusu ya Nai imewahi kusimama nje ya Archives pale Moi Avenue ikingoja mtu, na wengi hawajawahi kuingia. Ndani kuna gallery ya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, aliyeacha hiyo kazi 1966. Huyo buda alikuwa mkusanyaji sugu, wa sanaa, wa vitabu, na wa stempu pia. Unatafuta mahali pa kuonyesha vijana kwamba kukusanya si ushamba? Umepita hapo nje juzi. Ikishindikana, peleka Eastlands, kwa maktaba ya Kaloleni au ile ya Makadara, ambazo zimefanyiwa ukarabati na watoto wa mtaa tayari wamezizoea. Nauli ikiwa juu, mtoto hatakuja, hata kiingilio kiwe bure.

Tarehe, wengi watakuambia Oktoba 9, Siku ya Posta Duniani. Inasikika fiti hadi ukumbuke Oktoba ni msimu wa mitihani ya kitaifa, na shule nyingi hazitaachilia mtu. Nenda likizo ya Agosti. Tumia Oktoba kuonyesha kurasa zilizoshinda.

Posta nayo usiiache nje. Haihitaji kutoa pesa ambayo haina. Iombe vitu viwili. Meza ya kuuza stempu mpya za Kenya kwa bei yake iliyochapishwa, na muhuri maalum wa siku hiyo. Mtoto ananunua kadi, anaandika jina lake na anwani, muhuri unagongwa, kadi inaingia kwa mfuko. Baada ya siku kadhaa inamfikia kwa sanduku la shule. Kwa wengi itakuwa barua ya kwanza maishani yenye jina lao juu. Mwalimu anayetafuta kitu cha darasa la CBE amepata: jiografia, historia, sanaa na uandishi, yote kwa kadi moja. Na wale wa miaka 9 hadi 15 waambiwe hapohapo kwamba Umoja wa Posta Duniani una shindano la kuandika barua la umri wao kila mwaka, linapitia posta ya kila nchi. Wengi hawajawahi kulisikia.

Kitakachoamua kama hii maneno itaishi ni wiki ya pili, baada ya picha kuisha Instagram. Ndio maana uandikishe shule na maktaba, si watu binafsi peke yake. Klabu ya watoto kumi na mbili yenye albamu moja ya pamoja, kibano kimoja na mzee mmoja anayekuja Jumamosi moja kwa mwezi inatosha. Wazee wenyewe wako, na wengi wanangoja tu mtu aulize. Mpe kiti, mpe chai, mpe mtoto mmoja mwenye maswali mengi, na kabla hajafunga albamu muulize mbele ya familia yake anataka iende wapi akishaenda. Iandikwe.

Wewe unayesoma hii, kama kejani kuna kopo, bahasha za zamani, ama barua alizotuma uncle akiwa Jinja au Dar miaka hiyo, zitoe leo uzicheki. Usilowe kitu chochote cha kabla ya uhuru, na usikate stempu kwa bahasha nzima yenye muhuri unaosomeka. Muhuri na anwani mara nyingi ndizo zinabeba bei, na ndizo zinabeba story.